Pampu Ndani ya Eda

Shemeji yangu alikuwa na sauti ya kuendeshea mnada, na siku ya kuondoa matanga ya mume wangu aliitumia yote. Wanaume walikuwa barazani, sisi wanawake tuko chumbani, katikati pazia tu. Wakafika kwenye mali. Shamba likasemwa, nyumba ikasemwa, wanangu watatu wakasemwa kana kwamba nao ni vyombo vya ndani. Kisha nikamsikia: "Halafu kuna hiyo pikapu iliyoko uani. Hiyo ni bovu, chuma chakavu. Nitaichukua mimi, nitajua la kuifanya."

Nilikuwa na siku tatu za ujane. Macho yalikuwa yamevimba sioni vizuri, lakini hasira haikunisubiri nimalize kulia. Nikasema kwa nguvu kutoka nyuma ya pazia, "Gari sio bovu, shemeji. Imekufa pampu ya mafuta tu."

Barazani wakacheka, kicheko kile cha kumcheka mtoto aliyeuliza Mungu analala wapi. Shemeji alicheka kuliko wote, na kwa kuwa alikuwa amepata watu wa kumsikiliza, akaongeza chumvi: "Basi sawa! Siku unayotoka eda nakuja. Nikikuta inatembea kwa nguvu zake yenyewe, ni yako, sitii neno tena. Nikikuta imelala, kamba ninayo."

"Nimesikia," nikamjibu. "Na wenzangu humu ndani wamesikia."

Alijua anachokisema. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Hutoki nyumbani, hujipambi, hujitii manukato, na wanaume wasio maharimu wako hawakai na wewe. Fundi asingeweza kuingia kwangu, na mimi nisingeweza kwenda kwa fundi. Alikuwa amenialika kwenye mashindano ya mbio baada ya kuhakikisha nimefungwa miguu. Ndicho kilichoniudhi, zaidi hata ya gari.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya Kifaransa ya rangi ya maziwa, gia zake ziko kwenye usukani, kongwe kuliko ndoa yetu. Nusu ya bei yake ilitoka kwenye mpunga nilioulima Sibwesa, misimu miwili mgongo umeinama ndani ya maji, jambo ambalo barazani hakuna aliyelikumbuka. Lilibeba mahindi na maharage kutoka Mishamo kuja Mpanda mjini, na pale kwetu Shanwe watu walilijua kwa mlio kabla hawajaliona. Ndilo lililotulisha, na mume wangu alikuwa amenifundisha kuliendesha, huko huko njia ya Sibwesa ambako hakuna wa kunicheka. Mimi na wanangu tungekula nini bila lile gari? Hilo nalo barazani halikuulizwa.

Kisha likaanza kukata njiani. Linawaka vizuri, linakwenda kama kutoka nyumbani mpaka sokoni, linazima. Mpanda ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa wakati ule, na spea ya gari la namna ile ilitoka Tabora kwa treni au haikutoka kabisa. Mume wangu akaagiza pampu. Mvua zikakata reli. Homa ikamkuta hapo, na siku aliyozidiwa tulimpeleka hospitali amekalishwa kwenye keria ya baiskeli, jirani anasukuma, mimi nimemshika mgongo asianguke. Tulipokuwa tunatoka tulilipita gari lake limesimama uani. Aligeuza shingo akalitazama mpaka tulipopinda kona. Hakurudi. Ile asubuhi sijaisamehe hadi leo, na sijui hata ni nani wa kumsamehe.

Kwa hiyo mtu asiniambie lilikuwa gari tu.

Wiki ya pili ya eda nilifungua boneti. Uani kwangu ni nyumbani kwangu, na sijawahi kusikia mahali popote kwamba mjane haruhusiwi kutazama injini. Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuwa amehamia kwangu anisaidie na watoto. Alikuwa pia dada wa yule mwenye kamba, tumbo moja, nikajua atanikataza. Akasimama pale na sinia lake la mchele.

"Pampu ndo hiyo, wifi?"

"Ndo hiyo."

"Mbona kadogo hivyo?"

Akaliweka sinia chini akanishikia spana.

Ilikuwa ndogo kweli, unaweza kuificha kwenye viganja viwili. Imefungwa ubavuni mwa injini kwa nati mbili. Ina mkono wa chuma unaoingia ndani, injini ikizunguka inaupigapiga, nao mkono unavuta mpira mwembamba wa duara uliobanwa katikati ya pampu, ambao mafundi wanauita dayaframu. Mpira ukivutwa, petroli inapanda kutoka kwenye tangi. Ukirudi, petroli inasukumwa kwenye kabureta. Kazi yake yote ni hiyo, na mpira wetu ulikuwa umepasuka katikati.

Wifi aliipeleka pampu kwa fundi ndani ya hotipoti, kafunika kitambaa juu, na njiani watu walimpa pole wakidhani anapeleka chakula cha mgonjwa. Fundi alikuwa mzee wa Kisukuma aliyeingia Mpanda na ng'ombe, akawaachia wanawe ng'ombe, yeye akabaki na spana. Kesho yake alikuja mwenyewe kuirudisha. Alisimama njiani, nje ya ua wetu wa matete, ametupa kisogo ili asiwepo wa kusema ameniona.

"Mayu," akaniita, kama Wasukuma wanavyomwita mama yeyote, "hiyo spea hapa mjini haipo. Mimi ningekuwa humo ndani ningetafuta kitu, nikate, niweke. Sasa siwezi kuingia."

"Basi nitakata mimi, baba. Wewe niambie tu."

Akauliza kwanza: "Kabla hujafungua, umeweka alama?"

Sikuwa nimeweka. Akanifundisha kuchora mstari kwa msumari ubavuni, upite kwenye vipande vyote viwili vya pampu, ili wakati wa kufunga vikutane vilevile. Akasema pia kwamba wakati wa kukaza skrubu ni lazima ule mkono uwe umevutwa. "Ukikaza umelala, mpira hautakuwa na nafasi. Utachanika siku hiyohiyo."

Nilimshukuru, na kwa kiburi changu sikumwuliza nikate nini. Nilidhani najua. Sisi Mpanda kila kitu tunakitibu kwa tyubu ya baiskeli. Kitanda kikilegea, tyubu. Mpini ukicheza, tyubu. Ndoo ikivuja, tyubu. Nikakata duara safi la tyubu, nikatoboa matundu, nikafunga, nikalipiga stata. Likawaka! Wifi alijiziba mdomo kwa mkono asipige vigelegele ndani ya nyumba ya msiba. Siku ya pili likagoma. Nilipofungua nikakuta duara langu limevimba na kulegea kama sikio la mbuzi.

"Petroli inakula tyubu, Mayu," fundi alisema kutoka nje ya ua. "Ila hukuniuliza."

Nililia siku ile. Nililia nimekaa chini kando ya tairi, mikono inanuka, na wanawake waliokuja kunitazama wakanikuta hivyo. Badala ya pole wakaanza kunong'ona, mwishowe mmoja wao akajipa moyo. Eda inakataza manukato, akasema, na mimi nanuka petroli kuanzia mlangoni. Nikafuta machozi.

"Petroli sio manukato," nikamwambia. "Kama nyie mnaona inanukia, dumu lile pale, jipakeni."

Hawakurudi kwa wiki nzima, nikapata nafasi ya kufanya kazi. Na kwa kweli nawashukuru, kwa sababu nilipolinyooshea kidole lile dumu nililiona kwa mara ya kwanza. Lilikuwa la plastiki, limekaa na petroli ndani yake miaka, wala halikuvimba. Nikachukua vikopo vinne, nikavimiminia petroli kidogo, nikatumbukiza ngozi kavu kwenye kimoja, tyubu kwenye cha pili, kitambaa kwenye cha tatu, na kwenye cha nne kipande cha nailoni nene, ule mfuko wa ndani wa gunia la mbolea ya tumbaku. Nikaviacha uani mbali na jiko. Siku ya tano tyubu ilikuwa uji. Ngozi ilikuwa imekakamaa. Nailoni ilitoka vilevile ilivyoingia.

Nikakata nailoni, nikafunga, injini ikawaka, na nailoni ikachanika kwenye tundu la katikati. Ilizuia petroli vizuri ila haikuwa na nguvu. Kitambaa kilikuwa na nguvu ila hakikuzuia. Nikavitazama vitu hivyo viwili kwa muda mrefu. Nilihitaji kitambaa kigumu, kipya, kiwekwe katikati ya nailoni mbili, na ndani ya nyumba ile kila kitambaa kilikuwa kimechoka, isipokuwa bafta nyeupe niliyokuwa nimeivaa.

Nilipotia mkasi kwenye pindo wifi alipiga yowe. "Wifi! Nguo ya eda hiyo!"

"Nimeivaa kwa ajili ya kaka yako," nikasema, "na gari ni la kaka yako."

Alipomaliza kunitazama alitafuta sindano, akapiga magoti akanishonea pindo upya nikiwa nimesimama.

Lile duara la tabaka tatu halikuchanika. Kila Ijumaa niliwasha gari, likanguruma uani mpaka injini ipate moto, bila kukata, na kila Ijumaa nilijua mlio unafika mbali. Nilitaka ufike.

Siku ya kutoka eda nilioga, nikavaa khanga mpya, wanawake wamejaa uani, hata wale wa manukato. Shemeji alikuja asubuhi kama alivyoahidi, na wanaume wanne, kamba imezungushwa begani. Sikumsubiri akae. Nilipanda, nikawasha, nikatoka getini, nikaenda mpaka mwisho wa mtaa, nikageuza, nikarudi nikasimama mbele yake. Vigelegele vikapigwa. Yeye akatikisa kichwa.

"Haihesabiki," akasema, ile sauti yake ya mnada. "Mtaa mzima umemwona yule fundi anashinda hapo kwenye ua. Fundi ndo kaitengeneza. Nyie mnataka kunichezea akili."

Ningeweza kumkumbusha kwamba barazani hakutaja fundi. Alisema litembee, na lilikuwa limetembea. Lakini nilikuwa nimekaa ndani miezi minne na siku kumi, na sikutaka kushinda kwa maneno. Nikazima injini.

"Wifi, niletee spana. Na bisibisi."

Nikafungua boneti mbele yao wote. Injini ilikuwa ya moto ikaniunguza kidole, sikusema ah. Petroli ikanichuruzikia kwenye khanga mpya. Nikatoa pampu, nikalegeza skrubu moja moja, nikaitenganisha, na lile duara nikalishika kwa ncha za vidole nikamnyooshea.

"Shika, shemeji. Tazama ndani."

Alilipindua. Kati ya nailoni mbili, ukingoni, bafta ilikuwa inaonekana, imegeuka rangi kidogo, lakini ni bafta.

"Hiyo ni nguo yangu ya eda," nikasema. "Fundi angeipata wapi?"

Nilisikia mtu mmoja kati ya wale wanne akivuta pumzi. Shemeji alielewa kwamba akiendelea kumtaja fundi atakuwa anasema neno baya juu ya mjane wa kaka yake, juu ya nyumba yake mwenyewe, mbele ya ua mzima. Akanirudishia duara.

Nikafunga. Hapo niliogopa, siwezi kusema uongo. Wifi akashika ule mkono wa pampu akauvuta yeye, mimi nikakaza. Mstari ukakutana na mstari. Nikapanda, nikapiga stata. Kimya. Nikapiga tena. Kimya. Nikajua petroli bado inapanda, nikajua pia kwamba yeye hajui hilo, na kweli akaishusha kamba begani akaanza kuifungua. Mara ya tatu likakohoa. Mara ya nne likawaka, likatulia.

Wifi akazunguka akafungua mlango wa upande wa pili. Ilibidi ampite kaka yake, akampita bila kumtazama, akapanda akakaa kando yangu.

Nilitia gia ya kwanza na kupita mbele ya shemeji polepole, aisikie injini yote. Wifi akauliza tunakwenda wapi. Nilipinda ile kona, nikashika njia ile ile ya baiskeli, nikaendesha mpaka geti la hospitali. Mlinzi akaja mbio kufungua, akauliza mgonjwa yuko wapi.

Hatukuwa na mgonjwa. Nilitaka gari lifike.