Kiapo cha Uulkan na Droni ya Mzee

Uulkan aliapa kwa mkate, na aliyemlisha kiapo hicho ni mwanawe wa kumzaa.

Ilikuwa mwezi wa tano, wakijiandaa kupanda na hema lao malishoni mlimani kesho yake. Ayperi alifika kutoka mjini Bishkek, ambako anauza dawa, akaweka sanduku la kijivu mezani, akamega mkate na kumshikisha mama yake.

"Sema, mama. Baba akipanda farasi, hata mara moja, utaniambia."

"Nitakuambia. Nisipokuambia, mkate huu unipige."

"Vizuri. Na siku utakayoniambia, siku hiyohiyo nakuja na gari, tunashusha hema, mnahamia kwangu moja kwa moja."

Mkate si kitu cha kuchezea. Ukiapa kwao kisha ukadanganya, mkate hukupiga, na hakuna aliyewahi kutaka kujua unapigaje. Uulkan alibusu kile kipande, akakila.

Mzee wake, Sharshen, alikuwa na miaka sitini na nane, na tangu vuli iliyopita alikuwa na chuma kwenye nyonga ya kushoto. Daktari alimkataza farasi. Ungemkataza pumzi angekuelewa upesi zaidi. Kwa miguu yake mwenyewe Sharshen alitembea kama bata aliyetolewa majini, lakini juu ya tandiko alikuwa kijana, na farasi wake majike wote aliwajua kwa kikohozi. Majira ya baridi walikaa kwa Ayperi, ghorofa ya sita. Mzee alisimama barazani kutwa akitazama magari ya majirani, na jioni akamwambia mkewe kwa wasiwasi wa kweli kwamba jeupe moja halijarudi. Uulkan alicheka, kisha akaenda jikoni akalia. Alijua mumewe hatamaliza miaka miwili pale.

Ndani ya lile sanduku mlikuwa na droni. Kwa hesabu ya Ayperi, baba angekaa kwenye kigoda mbele ya hema, na droni ingezunguka kutafuta farasi badala yake. Akamfundisha palepale uani.

"Baba, ukiiwasha usikurupuke. Iache chini itulie, itafute setilaiti. Zikitosha, simu itakuambia imeshaandika nyumbani ni wapi. Hapo ndipo uirushe."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwake. Betri ikikaribia kwisha, au ukiminya hiki kitufe chenye picha ya kinyumba, au ikipotezana na rimoti, inapanda juu kwanza. Nimeiwekea mita mia, isije ikajibamiza mlimani. Halafu inanyoosha mpaka juu ya pale iliporukia, inashuka yenyewe, inajizima."

"Kwa hiyo inanirudia mimi."

"Hapana, baba. Inarudi pale. Wewe haikujui."

"Mimi ninayeilisha umeme hainijui?"

"Haikujui hata kidogo. Ukiirushia hapa wewe ukaenda zako bondeni, yenyewe itarudi hapahapa."

"Basi imezidiwa akili na farasi," Sharshen akasema, akaipapasa mgongoni kwa huruma.

Uulkan alikuwa anakunja mazulia karibu yao na alisikia kila neno. Alimwona mzee anaitikia kwa kichwa, akajua hakuelewa. Mtu ambaye tangu azaliwe nyumba yake imekuwa ikifungwa kamba na kupakiwa kila msimu hawezi kukubali kwa asubuhi moja kwamba nyumbani ni doa juu ya ardhi. Kwa Sharshen nyumbani kulikuwa tandiko lake, na mahali popote Uulkan alipowasha moto.

Mwezi wa sita ulikwenda vizuri. Sharshen alikaa kwenye kigoda, kofia yake nyeupe kichwani, rimoti mikononi, akiwatukana farasi kupitia kwenye kioo cha simu. Lakini nyasi za bondeni zikaisha, na majike wakaanza kuvuka kilima. Droni ikivuka nyuma yao, kilima kilisimama katikati yake na rimoti, picha ikaganda, na baada ya muda mfupi chombo kikarudi chenyewe na kutua mbele ya hema. Mzee alikitazama kama mtu aliyemtuma mtoto dukani akarudi mikono mitupu.

Siku moja akasimama. "Naenda kunyoosha mguu."

"Nenda," Uulkan akasema. Kisha nyuma ya hema akasikia kwato.

Sasa, alikuwa ameapa atasema, na ili mtu aseme lazima awe ameona. Uulkan akaamua kutoona. Kila mzee aliposema anakwenda kunyoosha mguu, yeye alikaa mbele ya kiriba cha ngozi chenye maziwa ya farasi, akaupa mlango kisogo, akapekecha kwa mti wake mrefu mpaka mabega yakamuuma. Kumisi ya kiangazi kile, maziwa hayo yaliyochachushwa, ilipekechwa kuliko ya mwaka wowote, na majirani wakaisifu. Jioni alipanda mwinuko ambako simu ilishika mtandao, Ayperi akampigia.

"Baba amepanda farasi?"

"Sijamwona."

Na kweli hakuwa amemwona. Lakini alikuwa anaogopa. Kila alipompa kisogo alikuwa anaogopa, na hakuacha kupekecha mpaka aliposikia kwato zinarudi, nzito, taratibu, kwato za farasi aliyebeba mtu.

Katikati ya mwezi wa saba, jike mmoja wa kijivu na mtoto wake hawakuja wakati wa kukamua. Sharshen alivaa buti, akachukua droni. Uulkan akageukia kiriba.

Alipekecha muda mrefu. Jua likaanza kuingia hemani kwa upande wa pili. Ndipo akasikia kwato, na mkono wake ukasimama wenyewe. Zilikuja mbio, tena nyepesi.

Akageuka. Jeerde, farasi mwekundu wa mzee, alisimama mbele ya mlango akihema, tandiko tupu, hatamu zinaburuzika chini.

"Mungu wangu," Uulkan akasema. Alitazama chini atafute farasi ametokea wapi, lakini majike huja kukamuliwa mara sita kwa siku, na ardhi yote ya kuzunguka hema ilikuwa imevurugwa na kwato. Huwezi kujua ipi ya nani.

Ndipo akasikia mvumo juu. Droni ilikuwa inakuja kutoka mbali ng'ambo ya kilima, juu sana, imenyooka. Ilifika juu ya kilele, ikasimama hewani, ikaanza kushuka polepole mpaka ikafichwa na ukingo.

"Yuko pale," Uulkan akasema kwa sauti. Akafunga sketi kiunoni. Ana miaka sitini na nne, na miaka kumi hakuwa amekaa juu ya farasi. Alipanda Jeerde kama aliyeshuka jana.

Kileleni aliikuta droni imetulia juu ya nyasi, nzima, panga zake zimesimama. Sharshen hakuwepo.

"Baba Ayperi!" akaita. "Wewe takataka," akaiambia droni, "umemwacha wapi? Mbona umekuja peke yako?"

Na akiwa anaitukana hivyo yakamrudia maneno ya uani. Inarudi pale iliporukia. Wewe haikujui. Kumbe mzee alikuwa hapa. Aliirushia hapa, juu ya kilele, ili kilima kisimzibe, kisha akaondoka, na ile ikarudi mahali alipokuwa, si mahali alipo. Akainama juu ya shingo ya farasi akitafuta. Hapa hapakuwa na majike wa kuvuruga ardhi. Palikuwa na mavi mabichi ya farasi mmoja, na alama za kwato za farasi mmoja, zikiteremka upande wa pili kupitia kwenye majani ya kando ya chemchemi. Akazifuata akiomba, na hakumbuki aliomba nini.

Alimkuta bondeni, ameketi kando ya shimo la panya buku wa milimani, buti moja amelivua, rimoti imevunjika vipande viwili mapajani mwake.

"Usinitazame hivyo," Sharshen akasema. "Ni Jeerde aliyetumbukiza mguu, si mimi."

"Mbona kiangazi kizima sijakutazama." Akashuka akamshika uso kwa mikono yote miwili, akamshika kwa nguvu mpaka mzee akalalamika. Kisha akaigusa nyonga. "Hapa?"

"Hapo pazima. Ni kifundo tu. Na droni imepotea, Mama Ayperi. Rimoti ilipigwa na jiwe, nikasema sasa itanishukia. Imepita juu ya kichwa changu, hata salamu haikunipa."

"Iko kule ulikoirusha, na alama ya buti pale sikuiona. Hukushuka hata kwenye farasi?"

"Nikishuka sipandi tena bila jiwe. Niliirusha kutoka kiganjani, nikiwa tandikoni. Nikadhani ikiandika nyumbani, itaandika tandiko."

Uulkan alitaka kucheka, akashindwa. Mzee akamtazama kwa jicho la mtoto aliyevunja chungu.

"Hukuniona," akasema.

"Nimekuona."

Sharshen akaliokota buti lake. Akasema, "Basi ndiyo ghorofa ya sita," akageuza uso upande wa mlima, na Uulkan akauona moyo wake wote kwenye shingo ile nyembamba. Akampandisha farasi kwa msaada wa jiwe, akashika hatamu, akatembea mbele. Njiani wakaiokota droni. Yule jike wa kijivu na mtoto wake walikuwa wamesimama mbele ya hema, wamekuja wenyewe.

Jioni ile alipanda ule mwinuko wa mtandao. "Ayperi, baba yako amepanda farasi. Leo, na jana, na kabla ya jana. Ameanguka. Kifundo kimevimba, nyonga ni nzima."

Kesho yake mchana gari likafika. Ayperi aliikagua nyonga, akafunga kifundo. Kisha akaanza kukunja mazulia. Alipofika kwenye lile kubwa jekundu alimkuta mama yake ameketi juu yake.

"Mama, ondoka."

"Niliapa kusema, nimesema. Kuhama sikuapa."

"Mama!"

"Uliniapisha mwenyewe, maneno uliyachagua mwenyewe. Hama wewe kama unataka."

"Na farasi atawatafuta nani?"

"Mimi."

"Una miaka sitini na nne!"

"Na nyonga zote mbili ni zangu, nilizaliwa nazo. Baba yako atakaa kwenye kigoda. Akisimama, nitamfunga kamba pamoja na watoto wa farasi."

Kutoka pembeni Sharshen akaitikia upesi, "Nitakaa," na hakuna aliyemwambia achangie. Ayperi aliwatazama wote wawili. Akaketi kwenye zulia karibu na mama yake, akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akalia, na Uulkan akamfuta uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa kama alipokuwa mdogo. Wiki moja baadaye rimoti mpya ilipanda mlimani na lori la chumvi.

Siku hizi kuna zulia dogo la sufu mbele ya mlango. Droni hukaa juu yake mpaka simu iseme, na mzee haruhusiwi kuigusa kabla. Kisha huipandisha juu, humwona mkewe kwenye kioo akiipanda njia ya kilima juu ya Jeerde, mdogo, kitambaa chake cheupe. "Kushoto!" hupiga kelele, ingawa hasikiki. Uulkan akishavuka kilele picha huganda. Droni hupanda, hugeuka, hurudi, hutua juu ya zulia, nzima, peke yake.

Hapo Sharshen hubaki hana la kutazama. Huiweka rimoti chini, huchechemea mpaka kwenye kiriba, huupa mlango kisogo na kushika mti. Anapekecha vibaya, anamwaga, naye anajua. Anasikiliza. Kwato zikianza kusikika kutoka upande wa kilima haachi kupekecha, wala hageuki, mpaka awe na hakika kwamba ni nzito.