Nilipolisahihisha Zulia

Jamani, chekeni nami, maana nimeshajicheka mwenyewe. Nafanya kazi kwenye duka la mazulia hapa mjini Buffalo, yale ya sufu yanayofumwa kwa mkono na wafugaji wanaohamahama. Jana niliona zulia moja jekundu lina mkanda uliopauka katikati. Mama yangu alisuka mikeka katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na kwake mkeka wenye dosari ulikuwa fedheha. Basi nikachukua rangi nyekundu ya nguo na mswaki, nikausugua ule mkanda mpaka ukalingana na kwingine. Nikajipongeza!

Leo amekuja mteja, bibi mwenye mvi, akapiga magoti kulipapasa zulia lile.

“Mkanda wangu uko wapi?” akamuuliza bosi. “Hapo ndipo wafumaji walipohamia malisho mapya, maji ya kutilia sufu rangi yakabadilika, na rangi nayo ikabadilika. Ndiyo maana nililichagua.”

Mimi, niliyehama kambi mbili, nimefuta safari ya wenzangu! Nikaficha mikono mfukoni.

“Muulize huyu,” bosi akasema, “ndiye anayeyatunza mazulia.”

Bibi akaninyooshea mkono. Kwetu mtu mzima husalimiwa kwa mikono miwili. Nikaitoa yote: vidole kumi, vyekundu kama nyanya.

Bibi akavitazama, akaangua kicheko. “Kumbe na maji ya Buffalo yana rangi yake!”