Mgongo wa Mkono

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Hata nikifundisha hutembea kati ya madawati, na mtoto akichelewa kujibu namjibia mwenyewe. Siku ile, pale shuleni kwetu mtaani Satellite, nilikuwa mbaya zaidi kwa sababu nilikuwa nimelingojea somo hilo muhula mzima. Nilikuwa nimenunua betri, nyaya na balbu za tochi kule Dagoretti Corner, na kila kitu nilikuwa nimekijaribu nyumbani mara tatu.

Tulianza na baluni. Wanafunzi waliisugua kwenye sweta, wakaisogeza juu ya vipande vya karatasi, na karatasi zikaruka kuifuata. Walicheka hadi darasa la jirani likagonga ukuta. Kisha tukaunganisha betri na balbu, tukaacha pengo kwenye waya ili kila mmoja alete kitu cha kuliziba: kijiko, penseli, ufunguo, kitana. Kikipitisha umeme, balbu inawaka.

Msichana mmoja wa dawati la mbele alikuwa akitukawiza. Kabla ya kushika kitu chochote alikigusa kwanza kwa mgongo wa mkono, haraka, kama mama anayepima homa ya mtoto. Kijiko, akakigusa. Waya, akaugusa. Hata betri yenyewe. Wenzake wakaanza kumwiga na kumcheka, nami hasira zikanipanda.

Nilimwambia betri ndogo kama ile haiwezi kumfanya lolote. Akagusa tena vilevile. Ndipo nikamshika mkono, nikaufungua, nikakibandika kiganja chake kwenye betri mbele ya wote.

"Mwanasayansi hashiki vitu kwa uoga," nilisema. "Kuanzia leo unashika na mkono mzima. Tumeelewana?"

Alisema ndiyo. Akakishika kijiko kwa kiganja, akaliziba pengo, balbu ikawaka, darasa likapiga makofi, nami nikajiona bingwa.

Mchana mvua ilinyesha. Masomo yalipokwisha nilienda jikoni kunywa chai, nikamsimulia mpishi wa shule kisa hicho nikitarajia acheke. Hakucheka. Alikuwa akiishi ploti moja ya vyumba vya kupanga na mtoto huyo.

"Bafu yetu ni ya mabati, ticha, na kuna waya imechubuka mahali," aliniambia. "Mvua ikinyesha hiyo mlango inakuwa na stima. Tumefunza watoto wote waguse kwanza na nyuma ya mkono. Ukishika na kiganja, mkono inajifunga, huwezi achilia."

Nilijua hilo. Umeme hukaza misuli: nimeliandika ubaoni mara ngapi sijui. Nilikuwa nalijua kwa ajili ya mtihani tu. Chai niliiacha pale pale. Mpishi alinielekeza kwenye ploti yao, nikatoka mbio na viatu vyangu vya darasani, nikiteleza, matope hadi kwenye vifundo, nikijitukana njia nzima. Niliogopa. Sijaogopa vile tena maishani.

Nilimkuta msichana uani, ndala miguuni, taulo begani, ndoo ya maji kando yake. Alikuwa amenyoosha mkono kuelekea mlango wa bafu, mgongo wa mkono ukiwa mbele. Kisha akaniona. Uso ukamshuka kwa aibu, akaugeuza mkono, akakifungua kiganja vizuri ili nione kwamba somo lilikuwa limemwingia.

Nilipiga kelele asiguse. Mkono wake ukabaki hewani. Nikamfikia, nikamvuta nyuma, kisha nikaugusa mlango mimi mwenyewe, vile alivyogusa kijiko asubuhi. Mkono ulirushwa nyuma hadi bega likauma.

"Leo iko," alisema, kama mtu anayekwambia maji ya mfereji yamerudi.

Tulimwita keyateka, mwangalizi wa ploti, akazima stima ya ploti nzima, huku majirani wakinung'unika kutoka milangoni. Nilichuchumaa mbele ya msichana na sketi yangu yenye matope, nikamwomba msamaha. Nilimwambia nilikosea, na kwamba nyumbani walimfundisha vizuri kuliko mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa ticha," akaniuliza, "kesho kwa class nishike aje?"