Gari la Kuupokea Mtumbwi

Mtumbwi haupandi kirikuu, kigari kidogo kile cha mizigo. Hilo nililisema mimi mwenyewe, tena kwa sauti, siku mkwe wangu alipotuma maneno kwamba wanahamia Miburani na chombo chao wanakuja nacho. Maneno yaliletwa na mwanangu, kwa sababu mimi na mkwe wangu hatuzungumzi ovyo. Hatujagombana. Ni adabu. Mkwe hamkodolei macho mama wa mkewe, hali naye sahani moja, na akikutana naye njiani anashuka kwenye baiskeli. Marehemu mume wangu alimstahi mama yangu hivyo hivyo mpaka siku aliyomzika. Siku hizi naona vijana wamekaa sebuleni na mama wakwe zao, mguu juu ya mguu, wanatazama mpira. Kwangu hapana.

Basi ikabidi tupange. Mtumbwi utakuja kwa maji, kutoka kijiji cha mkwe wangu kule kusini mikokoni, ufuate ukingo wa kisiwa mpaka pwani yetu. Kitanda, godoro, vyombo na mafurushi ya nguo vitakuja kwa gari. Gari likishapakia litangulie, liwangoje watakaposhukia, maana kutoka pwani mpaka nyumba niliyowatafutia ni mwendo, na mwanangu hakuwa wa kutembezwa. Alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikuwa zimeshamtoka, na hii ilikuwa imefika ambapo zile hazikufika. Ndiyo sababu ya kuhama kwenyewe. Nilitaka awe karibu na hospitali ya Kilindoni, na karibu na macho yangu.

Nilimwambia apande gari pamoja na mimi. Akakataa. Barabara ya kule ina mashimo, akasema, na nesi amemkataza kurushwarushwa. Majini ni laini. Tena mumewe akishika kafi, lazima awepo mtu wa kuchota maji yanayoingia.

"Kwani unavuja?" nikamwuliza.

"Mama, mtumbwi gani usiovuja?"

Mwanangu huyu hajui kuogelea. Kazaliwa kisiwani, kalima mwani miaka, lakini maji yakimpita kiuno anakakamaa, hata jina lake hajibu.

Kabla hatujaachana alinivuta pembeni. "Mama, nakuomba kitu kimoja. Wewe usije pwani. Nenda nyumbani, mwache dereva atupokee peke yake. Mwenzangu ataona haya kukushukia kalowa, kachafuka." Nikamwambia sawa, nitakuwa nyumbani napika. Na nilikusudia hivyo, Mungu shahidi.

Gari lilikuwa la jirani yangu, mtu mzima mwenye mdomo usiopumzika, na aliliendesha mwenyewe mpaka kusini, mimi ubavuni mwake. Tulipomaliza kupakia, mkwe wangu akaja kuniaga. Siku zote akienda baharini huvaa bukta kuukuu, lakini siku hiyo alivaa shati jeupe na msuli mpya, kwa ajili yangu. Akasimama mbali kidogo, macho kwenye tairi la gari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Ndiyo mazungumzo yetu yote. Nilifurahi kuuona ule msuli, siwezi kusema uongo. Nilijisemea, huyu kalelewa. Kisha akamshika mkewe mkono, akampandisha chomboni, wakasukuma. Mwanangu alikaa katikati na kopo lake mapajani, akanipungia mkono mara moja tu. Mikoko ikawafunika.

Ilikuwa bamvua, zile siku ambazo bahari hujaa ikafurika na ikikupwa hukimbia mbali. Hesabu yetu ilikuwa hivi: wafike maji yakiwa yamejaa, mtumbwi uguse mchanga karibu na gari, mwanangu ashuke kama anavyoshuka kitandani. Wakichelewa, maji yatatoka, na maji ya bamvua yakitoka hayamngoji mtu.

Njia nzima nilikuwa nachungulia dirishani.

"Bi mkubwa," dereva akaniambia, "hata ukitoa kichwa nje, bahari haionekani huku. Ni minazi tu."

"Wewe endesha gari."

Tulipofika Miburani alikata kona kwenda nyumbani. Nikamwambia, "Twende pwani kwanza."

"Si umeahidi hutakwenda? Nimewasikia."

"Nimekuuliza nilichoahidi? Geuza."

Nilijiambia nitatazama kidogo tu, nikishawaona kwa mbali niondoke kabla hawajafika. Tukasimama pale penye mitumbwi mibovu iliyopinduliwa, mahali tulipopatana kwamba watashukia. Bahari ilikuwa imejaa mpaka kwenye majani, na ilikuwa tupu. Nikangoja. Dereva akala mihogo yake, akanipa, sikuweza hata kutafuna. Nikaangalia mchangani, nikaona alama ya maji, mchanga uliolowa ambao wimbi halirudi tena kuufikia. Yalikuwa yameanza kutoka.

Nikatoa simu nimpigie mwanangu. Ikaita. Nikaisikia inaita nyuma yangu, ndani ya beseni la masufuria, juu ya gari. Aliiweka humo isilowe. Yaani nilikuwa najipigia mwenyewe. Dereva akataka kucheka, akaniangalia, akaacha.

Sijui nieleze vipi hofu ile. Nilisoma Ayatul Kursi nikaishia katikati, nikaanza upya, nikaishia pale pale, mimi niliyeihifadhi tangu mtoto. Kila wazo lililokuja lilikuwa baya. Niliwaza mtumbwi umepinduka kule ambako hakuna mtu. Niliwaza damu. Niliwaza mimba ya tatu itoke ndani ya mtumbwi, na mume hajui afanye nini, na mimi niko hapa nimesimama na gari la watu. Nikamchukia mkwe wangu kwa mtumbwi wake. Mbao tu zile. Angeuza, angenunua mwingine huku.

Kisha wakatokea. Mtumbwi ulikuwa umekaa chini mno majini, lakini watu walikuwa wawili. Niliwahesabu mara mbili. Mmoja anapiga kafi, mmoja anainama na kuinuka, anachota. Nikasahau kuondoka. Badala yake nikashuka mchangani kabisa, nikavua mtandio nikaupunga, nikaita.

Mtumbwi ukasita. Halafu ukageuka.

Ukageuka kabisa, wallahi, ukatupa mgongo. Ukaelekea kwenye mikoko upande wa kushoto, kwenye kijito kinachoingia ndani, ukapotea.

"Wanakwenda wapi wale?" dereva akauliza. Mdomo wake ulikuwa umekauka utani wote.

Nilijua kijito kile. Bamvua ikitoka, maji yote ya mikokoni hushukia pale kwa kasi, yanang'oa hata nguzo. Hakuna mtu mwenye akili anayeingia pale wakati huo. Nikaamini limetokea jambo. Nikaamini mwanangu amelala ndani ya mtumbwi na mumewe hataki nimwone. Nikaanza kukimbia kwenye tope, pindo la nguo mkononi, dereva nyuma yangu, mpaka tukafika kona ya mikoko. Pale tukasikia sauti ya mwanangu.

"Mama, ondoka. Rudi nyuma, mama, usije."

"Umepatwa na nini?"

"Sijapatwa. Ondoka tu."

"Mtoto je?"

"Mama, mwenzangu hana nguo." Sasa alikuwa analia. "Ufa umefunguka njiani. Shati lake na msuli vyote tumezibia ufa. Kabaki na chupi. Amekuona umesimama pale, amesema bora afe."

Nikasimama na tope langu magotini. Kumbe yule mtu alikuwa anatafuta tu pa kushukia nisipomwona. Alidhani atazunguka kona, amshushe mkewe, basi. Kijito kikamdaka. Sasa, mwanangu akasema, ameshika mzizi wa mkoko kwa mkono mmoja na mtumbwi kwa mwingine, maji yanauvuta nje, na kopo limemponyoka mwanangu mwenyewe, anachota kwa viganja. Peke yake asingeweza kuuvuta mtumbwi mpaka mchangani bila kutoka kwenye mikoko, na kutoka kwenye mikoko ni kuja mbele yangu.

"Mwambie aje hivyo hivyo," nikasema.

Mwanangu akajibu kwa sauti ndogo: "Hataki."

Na hakutaka, nilimjua. Nilimpenda kwa hilo hilo. Bukta zake za kazi zilikuwa juu ya gari, ndani ya furushi, chini ya godoro, chini ya kitanda. Dereva alikwishageuka kwenda kufungua kamba.

"Acha," nikamwambia. "Mpaka ufungue kamba hizo nitakuwa sina mtoto."

Nikavua kanga yangu ya kiunoni, nikabaki na dera langu na mtandio, nikampa. "Mpelekee hii. Ajifunge. Ushikeni mtumbwi wawili."

"Kanga yako, Bi mkubwa?"

"Nenda."

Akaingia na kanga kaiweka kichwani, maji yakampanda kifuani, akapotea kwenye majani. Mimi nikamwita mkwe wangu kwa nguvu ambayo sijui niliitoa wapi: "Baba, nageuka. Nimewapa mgongo. Sitazami. Mlete mwanangu."

Nikageuka. Nikatazama minazi.

Nimezika mume, nimezika mama, nimekaa leba na mwanangu mara mbili tukatoka mikono mitupu. Sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa pale, mgongo wangu ukiwa kwa mwanangu anayezama na macho yangu yakiangalia minazi. Nilitaka kugeuka. Shingo ilikuwa inakwenda yenyewe, naikamata kwa mikono. Nilijua nikigeuka atauachia mzizi ajifiche, na mtumbwi utaondoka na mwanangu ndani. Kwa hiyo nikasikiliza. Nikasikia maji. Nikasikia dereva akisema vuta, halafu subiri, halafu vuta. Kitu kizito kikapasuka, mti au mbao, sikujua. Kisha sikusikia sauti ya mwanangu hata kidogo, na muda huo ndio uliokuwa mrefu kuliko wote. Nikamwita. Hakujibu. Nikamwita tena kwa jina la utoto, lile ambalo amenikataza kumwita mbele za watu. Yarabi, nikasema, nisimame hivi mpaka lini.

Mkono wa baridi ukanigusa mgongoni.

Alikuwa kalowa mpaka nywele, midomo inamtetemeka, hawezi kusema. Maji yalimpita kiuno akakakamaa, dereva akambeba. Nikamshika uso, nikamshika tumbo, nikamshika uso tena. Akatikisa kichwa kunijibu kwamba hakuna maumivu, hakuna damu. Nikaketi pale pale kwenye tope nikalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Mtumbwi ulipasuka omo, sehemu ya mbele, ukaachwa kwenye mikoko mpaka maji yajae tena. Nyuma yetu, hatua kadhaa, nikasikia mtu anakohoa kikohozi cha kuomba njia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba." Sikugeuka. "Umechoka. Panda nyuma ya gari, jifunike godoro."

Tukaenda nyumbani hivyo, mimi na mwanangu mbele, yeye nyuma chini ya godoro na kanga yangu kiunoni. Dereva hakufungua mdomo mpaka tulipofika. Alipoufungua, alisema tu kwamba gari lake sasa lina tope.

Mjukuu wangu sasa anatembea, na ana makelele kuliko jirani yangu yule. Mtumbwi ulitiwa ubao mpya. Kila wanapokwenda kusini kumwona bibi yake wa upande wa pili, wanarudi kwa maji, na gari la kuwapokea napanga mimi, sijampa mtu kazi hiyo. Mwanangu ameacha kuniambia nibaki nyumbani. Dereva anasimamisha gari pale pale penye mitumbwi mibovu, kichwa cha gari kikiangalia njia, na mimi nakaa ndani na macho yangu kwenye minazi. Kioo cha pembeni nimekikunja. Nasikia kafi, nasikia mtoto anacheka au analia, halafu wakati mwingine sisikii kitu. Sigeuki. Nangoja nyuma ya mgongo wangu mtu aseme shikamoo.