Historia ya Marekani Ndani ya Foronya ya Bibi

Juzi binti wa shangazi yangu, anayekaa Nizwa, alinitumia picha kwenye simu, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa za maboksi ya kusomeshea watoto nyumbani historia ya Marekani. Boksi moja lina nyumba ya magogo ya kuunganisha, jingine lina unyoya wa kuandikia na kichupa cha wino, jingine lina askari wadogo wa plastiki wenye makoti mekundu na ya buluu. Ana watoto watatu. Mkubwa anaanza kuota masharubu, mdogo hajaanza hata kung'oka meno. Akaniandikia, "Wewe ulisomeshwa hivi. Niambie, ninunue lipi litakalowafaa wote?"

Mimi si mwepesi wa kusema, na kuandika pia huandika polepole. Nilimjibu, "Usinunue bado," kisha nikaweka simu chini. Hapo hapo nikajikuta niko Ibra, katika nyumba ya Bibi, nasikia harufu ya mkate wa ufuta ukiiva na sauti ya maji ya falaji, mfereji wa kumwagilia mashamba, yakipita nyuma ya ukuta. Basi kaa hapa karibu nami, nikuhadithie ilivyokuwa.

Sisi watoto watatu tulizaliwa Marekani, Baba alipokuwa akisoma kule. Alipomaliza akapata kazi kwenye visima vya mafuta, jangwani, akawa anakuja nyumbani mwisho wa wiki tu, na sisi na Mama tukahamia kwa Bibi, mama yake Baba, Ibra. Kiswahili tulikuwa nacho, maana ndicho kilichosemwa nyumbani. Kiarabu cha kusoma na kuandika ndicho tulichokikosa. Skuli ikataka kumweka Kaka, mrefu vile, pamoja na watoto wa darasa la kwanza. Siku ile Kaka alirudi akajifungia chooni na chakula akakikataa. Mama, ambaye kazi yake ilikuwa ualimu, akasema basi, tutaendelea na masomo tuliyoyazoea hapa hapa nyumbani, na jioni tutakwenda chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, atuongoze Kiarabu mpaka kikae sawa.

Ami, kaka yake mkubwa Baba, hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Alikuwa na cheo ofisini huko Nizwa, na dishidashi yake, kanzu ya huku, haikuwa na kunyanzi hata baada ya safari. Alimwambia Mama mbele yetu, "Huyu kijana mtamharibu. Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani nitakuja kuwatazama. Nikiona hakuna la maana, namchukua Nizwa akasome na wanangu."

Baba alimmiminia kahawa, kwa sababu kaka mkubwa hajibiwi. Lakini mimi nilimshika Kaka mkono. Kaka ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Muuza duka akiniuliza nataka nini, Kaka ndiye aliyejibu. Wageni wakiniuliza jina langu, Kaka ndiye aliyelitaja. Nilimfikiria akiwa Nizwa, nami nimesimama dukani kama gunia.

Mama aliagiza boksi moja kutoka Marekani. Lilikawia sana njiani, na lilipofika tulilizunguka kama siku ya Idi. Kaka alilimaliza asubuhi moja, akauliza, "Ndiyo yote?" Mdogo wetu akamtia askari mmoja wa plastiki mdomoni, akamtafuna kichwa. Mimi nilikaa nikitazama, maana hapakubaki cha kufanya. Mama akalifunika boksi, akacheka kwa uchovu. "Hili limetengenezewa mtoto mmoja," alisema, "na mtoto huyo hayupo humu ndani."

Tangu siku ile Mama akaanza kuchagua vitu kwa njia yake. Alikuwa akizunguka nyumbani na sokoni, anashika kitu, anakigeuzageuza, anajiuliza kwa sauti: mdogo atakifanyia nini? Huyu wa kati je? Na mkubwa? Kitu kikikosa kazi ya mmoja wetu, anakirudisha mahali pake. Wenye maduka ya Ibra walimzoea. Walikuwa wakimwona anakuja wanasema, "Mwalimu huyo, fungueni makabati."

Siku moja somo lilikuwa la watu waliohamia magharibi ya Marekani kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Kaka alitengeneza gari kwa kreti la tende, akapinda vijiti vya mtende vikawa mbavu za paa. Ilibaki nguo ya kufunika. Mama akatoa shuka la maua ya waridi, akalitandaza juu. Bibi alikuwa akipita na sinia la unga, akasimama.

"Hii gari ya safari, au inampeleka bibi harusi?"

Mama akacheka. "Hatuna nguo yake, mama. Wao walitumia ya pamba, nzito, haikutiwa rangi."

"Si merikani hiyo? Mtu wa Tabora wewe, huijui merikani?"

"Nnaijua sana. Mliiuza nyinyi watu wa Unguja, wakaibeba vichwani babu zangu mpaka Tabora."

"Ala! Leo nadaiwa mizigo ya babu zako!" Bibi aliweka sinia chini, akaingia chumbani. Akarudi amekumbatia mto wake wa kulalia, aliotoka nao Unguja alipohamia Ibra. Foronya yake ilikuwa nguo nene, rangi ya maziwa yaliyochemshwa sana, imeshonwa pembeni kwa uzi mwekundu. Kabla Mama hajasema neno, Bibi alichukua kisu cha kukatia tende akaichana. Usufi ulimwagika, ukaruka, ukamtanda mdogo wetu nywele zote. Alipiga chafya mpaka akakaa kitako. Bibi alilalia kanga iliyokunjwa kwa siku nyingi baada ya hapo, na hakulalamika hata mara moja.

Nguo ile ilitutosha sote. Mdogo wetu aliipapasa na kuilinganisha na usufi, na pamba, na shuka la maua, akisema ipi inakwaruza na ipi inateleza. Mimi nilipewa kazi ya pamba. Jirani yetu, mzee mwenye shamba la mitende kando ya falaji, alikuwa na miche michache ya pamba ukingoni, akatupa kikapu. Kutoa mbegu ndani ya pamba kwa vidole ni kazi kubwa. Mbegu imeng'ang'ania, ukiivuta inakuja na nyuzi, na ncha za vidole zinawaka. Kaka alichora ramani: Marekani ilikolimwa pamba na kufumwa nguo, bahari, Unguja, kisha njia ya bara mpaka Tabora.

Kaka ndiye aliyeuliza, "Na pamba yenyewe nani aliichuma?"

Mama akamjibu, "Watumwa. Watu waliotolewa Afrika kwa nguvu."

Mimi nilivitazama vidole vyangu. Kisha nikamnong'oneza Kaka, naye akauliza kwa sauti, kama kawaida yetu: "Bibi, na karafuu kwenu zilichumwa na nani?"

Mama alitaka kutugeuzia maneno, lakini Bibi alimzuia kwa mkono. "Waache wajue. Na kwetu walikuwepo. Mashamba hayakulimwa na sisi." Akarudi jikoni kukanda unga wake.

Ijumaa ya Ami ikafika. Alikula wali na samaki, akanywa kahawa, akala halua kidogo kwa ncha za vidole, kisha akasema, "Haya, nionesheni." Kaka alisimama na ramani yake. Alianza vizuri, lakini alikuwa na haraka, na Ami hakuwa mtu wa kungoja.

"Subiri kwanza," akamkata. "Hayo ya Wamarekani yanatuhusu nini? Ng'ombe wao, gari lao. Wewe babu yako ni wa hapa hapa Ibra."

Kaka akaikunja ramani. Masikio yake yakawa mekundu. Sikuwahi kumwona Kaka ameishiwa na maneno, na nilihisi kama nyumba imezimika umeme. Ami akaliinamia lile gari, akaishika nguo, akaona uzi mwekundu. Akasimama wima.

"Hii si foronya ya mama? Mumeuchana mto wa mama yangu kwa ajili ya Wamarekani?"

"Nimeuchana mwenyewe," Bibi akajibu kutoka alipokaa. "Mto wangu, kisu changu. Kelele za nini?"

"Mama, huu umetoka nao Unguja!"

"Nimetoka nao mimi. Wewe ulikuwa mgongoni, kazi yako kunikojolea."

Mama alijifunika uso kwa ncha ya mtandio. Hata Baba, aliyekuwa akitazama zulia muda wote, alitikisika mabega. Ami mwenyewe nusura acheke, lakini akajizuia, akakaa. "Sawa," alisema. "Bado hamkunijibu. Yanatuhusu nini?"

Mimi nilikuwa nimepakata kikapu changu cha pamba. Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka tu kwamba nilikiweka kikapu juu ya ile dishidashi isiyo na kunyanzi, nikasema, "Ami, toa mbegu."

"Nini?"

"Toa mbegu. Kwa vidole."

Ami alinitazama kama vile paka ndiye aliyesema. Kisha akachukua donge moja, akavuta. Mbegu haikutoka. Akavuta tena. Nilikaa chini karibu naye, nikatia mkono kikapuni, nami nikaanza kutoa. Mikono ilipoanza kazi, sauti nayo ikaja. Sijui kwa nini huwa hivyo kwangu, lakini ndivyo.

Nilimwambia kuwa kule Marekani kazi ya pamba ilifanywa na watumwa, watu waliochukuliwa Afrika, na kwamba pamba ya shamba zima ilipita mikononi mwao. Pamba ikafumwa nguo, nguo ikapakiwa melini ikaletwa Unguja. Wakubwa zetu wakainunua kwa pembe za ndovu na karafuu. Pembe zilitoka upande wa kina Mama, na waliozibeba walikuwa watu, si wote kwa hiari yao. "Na karafuu pia, Ami. Bibi amesema."

Ami akageuka kwa Bibi. Bibi akatikisa kichwa kukubali, bila kuinamisha macho.

"Kwa hiyo inatuhusu," nikasema. "Nguo hiyo wewe uliilalia utotoni."

Sikupanga kusema hilo la mwisho. Lilitoka lenyewe. Ami aliiviringisha mbegu moja kiganjani mwake kwa kidole gumba. Nilidhani nimeharibu kila kitu. Kisha akanyoosha mkono, akachukua donge jingine, akamwambia Kaka, "Ilete hiyo ramani hapa. Unguja umeiweka mbali sana na pwani." Kaka akaileta mbio, na maneno yake yote yakarudi. Wakabishana juu ya ramani ile mpaka alasiri ikaadhiniwa.

Alipokuwa anaondoka alimwambia Mama, akivaa viatu, "Mwache asome hapa. Lakini Kiarabu msikilegeze. Na kila Alhamisi, wakiwa hawana skuli, nitakuletea wanangu wawili. Wamezidi kukariri." Pamba ilikuwa imemganda kwenye ndevu, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Aliingia garini nayo, akaenda nayo Nizwa.

Binti wa shangazi ameuliza achague lipi, na kama nitapata kumwandikia vizuri, nitamwambia alichague hata hilo la magogo, mradi alishike kwanza na kujiuliza mdogo atalifanyia nini, wa kati je, na mkubwa. Lisipojibu, alirudishe.

Bibi ametangulia mbele ya haki. Mimi ndiye niliyebaki naye mwisho, ndiyo maana kusoma kwangu kuliishia masomo ya msingi, na sioni nilichopungukiwa. Nyumba ile ya Ibra ina wapangaji sasa, wameezeka bati palipokuwa na ua. Shamba la jirani halina hata mche mmoja wa pamba, na falaji ile huja maji na kukauka inavyotaka. Ami amestaafu, anatembea kwa mkongojo, Kiswahili chake kimebaki cha kusalimia. Wanawe, tuliokuwa tukikaa nao kitako Alhamisi tukibandika na kushona, tunaonana kwenye misiba. Na Kaka yuko upande wa Sur, kwenye kazi za gesi, ana mke na watoto wake. Tunaandikiana Idi kwa Idi.

Lakini mwaka ule Kaka hakwenda Nizwa, wala mwaka uliofuata. Tulikula sinia moja, tukagombania ukoko, tukatoka chuoni pamoja jioni yeye akiimba ovyo ili mimi nisiogope mbwa. Miaka ile imekwenda kama yote inavyokwenda. Ningenyamaza siku ile mbele ya Ami, tusingekuwa na miaka hiyo hata ya kupoteza.