Mpaka Uliopikwa kwa Majivu

Mama alipogawa kiwanja chake cha Ngezi kati yetu wawili, hakumwita mtu wa kuandika. Alitafuta vijiti vya ule mti mwembamba wenye majani marefu ya ukingo mwekundu, ambao kwetu hupandwa mipakani, na ambao hata ukiukata na kuutupa njiani huchipua. Alimsimamisha dada yangu upande wa juu, akanisimamisha mimi upande wa chini, akatukabidhi kila mmoja kijiti, na tukavididimiza ardhini kwa pamoja majirani wakitazama. Ndiyo desturi. Mpaka hupandwa kwa mikono ya pande mbili, na hung'olewa kwa mikono ya pande mbili. Anayepanda peke yake amechomeka kuni tu. Anayeshiriki kuung'oa au kuuharibu amekubali.

Upande wa juu ulikuwa na nyumba, na humo waliishi dada yangu na watoto wake. Upande wa chini ulikuwa mihogo na nafasi. Mama alipokufa nilikuwa nimepanga chumba karibu na soko, na kila nilichofanya miaka ile nilikifanya nikiufikiria upande wa chini. Ningejenga pale, na mlango ungetazama mashariki.

Kazi yangu ilikuwa karatasi. Kikundi chetu cha akina mama, wengi wao wakiwa wamekimbia vita kutoka Djugu, kilikuwa na banda nyuma ya ukumbi wa parokia. Tulikusanya karatasi zilizotupwa, mitihani ya zamani, maboksi ya sabuni, tukaziloweka na kuzitwanga kwenye kinu hadi zikawa rojo. Lakini karatasi kuukuu peke yake hutoa kitu dhaifu, kinavunjika kama biskuti. Lazima uichanganye na nyuzi za mmea, ama shina la mgomba, ama majani magumu yaliyopikwa kwa maji ya majivu mpaka nyama yake iyeyuke zibaki nyuzi. Kisha unachota rojo kwa fremu ya mbao iliyowambwa chandarua, maji yanachuruzika, na kinachobaki juu unakianika.

Wenye ukumbi walituomba kitu cha kutundika darini kwa ajili ya maonyesho. Tukakubaliana tutengeneze vipande virefu vya karatasi vyenye maua makavu ndani yake, vikining'inia kwenye vijiti kwa uzi, na katikati yake vifuko vya karatasi vyenye udongo kidogo, humo tupande majani hai ya porini na kuvumwani inayoota juu ya mawe. Mtu angepita chini yake kama anayepita chini ya manyunyu. Tuliiita Mvua. Uzi tulikuwa nao, maua tulikuwa nayo. Tulikosa nyuzi za kutosha na vijiti vilivyonyooka.

Dada yangu hakuwa wa kikundi chetu. Siku moja, hata hivyo, alifika bandani kwa moto, pikipiki ya abiria, magunia mawili yamefungwa nyuma yake na fungu la vijiti limelala mapajani.

“Yaya, ni nini hii?” nilimwuliza, yaya kwetu ni dada mkubwa.

“Majani. Nilienda Marabo kusalimia rafiki, nikaona wanayatupa. Nikasema, mudogo wangu iko analia nyuzi kila siku.”

Majani yalikuwa yamekatwa vipande vidogo kama vidole na kuondolewa kingo zote. Vijiti vilikuwa vimepakwa chokaa vyote. Nilipouliza sababu, alisema ni kuzuia wadudu. Wiki ile mvua ilikuwa imenyesha sana na njia ya Marabo ilikuwa matope, lakini magurudumu ya ile moto yalikuwa na vumbi tu la mjini. Niliona, kwa sababu huwa naona. Sikuuliza, kwa sababu alikuwa dada yangu.

Tuliwasha moto palepale. Dada yangu alikataa kuondoka, alitaka kuona. Nilimimina majani ndani ya pipa, nikatia majivu, nikakoroga hadi macho yakatoka machozi. Yalipolainika tukayasuuza, nikachukua mchi.

“Yaya yako anakupenda,” mama mmoja aliniambia. “Wangu analetaka tu watoto wake na njaa yao.”

“Na mume wake,” mwingine akaongeza. “Umesahau mume.”

Tulicheka. Dada yangu alikuwa ametoa simu. “Tazama huku,” aliniambia. “Sasa piga. Piga na nguvu, wasiseme unacheza.” Nilipiga, nikamtazama, nikatabasamu. Alinipiga picha nikiwa kwenye pipa na nikiwa kwenye kinu, na nyingine nimeinua konzi mbili za nyuzi mbele yangu kama mtu anayeonyesha samaki aliyemvua.

Rojo lake lilikuwa na wekundu kidogo ndani yake. Karatasi zilizotoka zilikuwa imara kuliko zote tulizowahi kutengeneza. Ukizivuta hazichaniki. Nilimsifu dada yangu mbele ya wote.

Kazi ilinishika siku zile, sikukanyaga Ngezi. Siku ya kufungua maonyesho dada yangu alikuja na kitenge kipya, akasimama chini ya Mvua na kuwaambia wageni asiowajua, “Hii yote ni mikono ya mudogo wangu.” Aliirudia kauli hiyo kwa kila aliyepita. Nilidhani ni fahari.

Mimea hai inahitaji maji, kwa hiyo tulipeana zamu za kupanda ngazi na kuinyunyizia. Katika zamu yangu moja niliona chokaa ya kijiti kimoja imepasuka na ncha ya kijani imechungulia. Nilifurahi. Zamu iliyofuata vijiti karibu vyote vilikuwa vimepasuka, na ile ncha ya kwanza imefunguka kuwa jani refu, jembamba, lenye ukingo mwekundu.

Nilibaki juu ya ngazi.

“Mama, umeona nyoka?” aliniuliza aliyekuwa ameishika chini.

“Hapana,” nikasema. “Nimeona kwetu.”

Nilikwenda Ngezi nikiwa bado na aproni ya kazi. Mstari wa mama haukuwepo. Mahali pake palikuwa na mashimo yaliyofukiwa, na chini yake mihogo imefyekwa na mtaro wa msingi umechimbwa, matofali yamepangwa kando. Mwanamume mmoja, mchuuzi wa samaki wa ziwani, aliacha kupima kwa kamba akaja kunisalimu kwa adabu.

“Weye ndiye mudogo? Karibu, mama. Nilikuona kwenye picha.”

“Picha gani?”

“Za kuondoa mpaka. Miye singenunua bila kuona mikono yako. Na shefu wa avenue aliziona, akasema sawa, wote wawili wamekubali.”

Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Hakuwa na la kuficha.

Dada yangu alikuwa nyuma ya jikoni anachagua maharage. Hakusimama.

“Yaya, uliuza upande wangu.”

“Nilikuwa na shida.”

“Ungeniambia.”

“Ungekataa.”

“Ndiyo, ningekataa.”

“Basi,” akasema, akapepeta.

“Ukanipa mpaka wa mama niupike mwenyewe.”

“Nani alikushika mikono? Ulikuwa unapiga na kucheka. Wamama wote waliona.”

Nilienda kwa shefu wa avenue, kiongozi wa mtaa ule. Alikuwa mtu wa haki kwa jinsi alivyoijua, na aliniuliza kwa utaratibu ambao mimi mwenyewe ningeutumia. Ni weye kwenye hii picha? Ni miye. Na haya ni majani ya mpaka wenu? Ni yenyewe, lakini sikujua. Aliitazama tena picha kwenye simu yake, akaiweka mezani.

“Picha haionyeshi kujua, mama. Inaonyesha mikono.”

Msingi ukaendelea kupanda.

Nilirudi ukumbini na ngazi. Akina mama walinisaidia bila kuuliza mengi. Wao walikuwa wamepoteza mashamba kwa njia mbaya zaidi. Tulitoa kijiti kimoja baada ya kingine na kuweka mianzi mahali pake, tukafunga nyuzi upya. Karatasi niliziacha. Bado ziko pale, na watu bado wanapita chini yake wakiinua shingo. Vijiti nilivipanda kwenye makopo ya mafuta, nikayapanga barazani pa chumba changu cha kupanga. Vyote vilishika.

Dada yangu alikuja makopo yakiwa yamejaa majani. Hakuwa amewahi kufika pale tangu mauzo. Nilimpa kiti. Alikaa akiyatazama makopo, si mimi.

“Ule mutu iko anachimba choo nyuma ya jikoni yangu,” alisema. “Namwambia ni upande wangu, anasema mpaka uko wapi. Shefu pia anauliza mpaka uko wapi.”

Niliongeza maji kwenye kopo moja.

“Siye wawili tu ndio tunajua mama alisimama wapi. Nipe kimoja, mudogo. Kesho shefu atafika. Tutapanda pamoja mbele yake, useme ni pale.”

Napajua. Mstari ulianzia kwenye kisiki cha mpera, ukapita hatua chache chini ya jiko, ukaishia kwenye jiwe ambalo mama alikuwa akikalia kusuka nywele zetu. Ningeweza kupaonyesha nimefumba macho.

Nilichagua kopo lenye kijiti kilichonyooka kuliko vyote, nikafuta udongo uliomwagika pembeni, nikamwekea mikononi.

“Chukua, yaya. Miye sitakuja. Panda peke yako.”

Aliligeuzageuza lile kopo.  Kisha akainuka, akatoka hadi barabarani na kusimamisha moto. Alipokuwa akipanda, kopo limeegemea tumbo na majani yanamgusa kidevu, dereva aligeuka.

“Mama, iko unapeleka wapi hiyo maua?”

Sikusikia alichojibu.