Matairi Yaliyong'aa kwa Mawese

Tairi la nyuma lilipopasuka kwenye mteremko wa kwenda Kitahana, sahani kumi na moja zilianguka kutoka kabatini, na kabati hilo lilikuwa ndani ya gari. Muuguzi aliyekuwa ameketi kitandani, humo humo garini, alirushwa hadi kwenye sinki. Gari liliyumba mara mbili, likakwangua ukingo wa barabara, likasimama gurudumu moja la mbele likining'inia juu ya mtaro. Muuguzi aliumia kiwiko, wengine tulikuwa wazima. Dereva alizima injini, akashuka, akakaa kwenye nyasi.

"Mimi na matairi haya tumemalizana," alisema, bila kumtazama mtu.

Nieleze kwanza lilikuwa gari gani. Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, nami nilikuwa mtunza stoo wa kliniki ya mama na mtoto iliyotoka Kibondo mjini kila Alhamisi kwenda vijijini. Watu wa ng'ambo walikuwa wametupatia gari ambalo kwao lilikuwa nyumba ya likizo. Tuliambiwa mzee mmoja na mkewe walilitumia kwenda kulala kando ya maziwa. Lilikuwa na kitanda, jiko la gesi, choo kidogo na mapazia ya maua. Sisi tuliweka jokofu la chanjo, mizani ya watoto na pipa la maji. Sahani tuliziacha kwa sababu zilikuwa nzuri. Matairi yalikuwa yale yale ya wazee wale, na sasa yote yalikuwa vipara.

Kesho yake mkuu wa mradi alituita ofisini. Alinipa kibali cha kwenda Kasulu kununua matairi manne, kwa kuwa maduka ya Kibondo yalikuwa na ya malori ya kambi za wakimbizi na ya pikapu tu. Kisha akamgeukia dereva.

"Alhamisi gari liende Kitahana. Kama wewe huendeshi, yupo anayesubiri hicho kiti."

Dereva alikuwa na watoto watano na hakuwa na kazi nyingine. Alijibu, "Nitaendesha nikiyaona matairi." Mkuu akasema kuona ni ruhusa, kukataa si ruhusa. Tulipotoka nje dereva aliniambia, "Dada, chagua kama vile ni wewe utakayeshika usukani."

Nilianza kuulizia, na hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Dereva alitaka meno makubwa, kwa ajili ya tope. Dereva mwenzake wa hospitali alisema meno si kitu, tazama upana. Fundi wa pancha wa pale stendi, mtu aliyezaliwa Burundi na aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya malori Bujumbura, alisema upana si kitu, tazama uzito linaobeba. "Hiyo ni nyumba, mama. Nyumba haivalishwi viatu vya pikipiki." Niliyaandika yote kwenye daftari, kila ushauri na namba yake, nikadhani mpangilio utaleta akili. Mlangoni mwa gari kulikuwa na karatasi ya vipimo katika lugha ambayo hakuna aliyeisoma. Kitabu cha gari kilikuwa na picha ya tairi lenye alama ya theluji. Nilinakili hata hiyo.

Kasulu nilifika saa nne asubuhi. Duka lilikuwa la mzee wa Kiislamu mwenye asili ya pwani, aliyezungumza kana kwamba ana siku nzima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka Kibondo? Vumbi lako limetangulia kuniambia."

Alikuwa na aina mbili za saizi yetu. Za kwanza zilikuwa zimelala chini, za kijivu kwa vumbi, zimebandikwa karatasi iliyochanika. Za pili zilining'inia mlangoni, nyeusi, zinang'aa mpaka unaona kivuli cha mkono wako. Nilizigusa, na vidole vikanuka mawese.

"Unazipaka mawese?"

"Kila Ijumaa. Ngozi ikikauka inapasuka, mpira nao ni ngozi. Hizo za chini nimezipokea juzi, sijazihudumia."

"Zipi mpya zaidi?"

"Zote mpya. Hakuna iliyovaliwa."

"Zipi zimetengenezwa karibuni?"

Alicheka. "Mwanangu, mimi nauza tairi, siuzi vyeti vya kuzaliwa."

Nilisoma daftari. Meno yalikuwa sawa, upana sawa, na namba ya uzito, nilipoipata ubavuni, ilikuwa sawa. Daftari halikunisaidia, nikarudi kwenye macho. Nami nimekulia nyumba ambamo mawese hayakuwa ya mboga peke yake. Mama alipaka mpini wa jembe, alipaka ngozi ya ngoma, alipaka miguu yetu kabla ya kwenda kanisani. Kitu kilichopakwa kilikuwa na mwenyewe anayekijali, na kisichopakwa kilikuwa kimetupwa. Hiyo haikuwa kwenye daftari, lakini ndiyo iliyochagua. Nilichukua yanayong'aa. Yalirudi Kibondo nami siku hiyo hiyo, juu ya basi, na yalipofika yalikuwa mekundu, kwa sababu mafuta yalishika vumbi lote la njiani.

Jumatano asubuhi fundi wa pancha aliyalaza mbele ya kibanda chake. Dereva alikuja amevaa shati la kazi, akasimama kando.

"Mwakeye," fundi alimsalimu kwa Kiha. Kisha akainama, akanusa. "Nani kakaanga matairi haya?"

"Yamepakwa mawese," nilisema. "Yasipasuke."

"Mafuta yanakula mpira, mama. Polepole, kama mchwa."

"Mzee wa duka anasema yanaulinda."

"Mzee wa duka anapanda gari gani?"

"Ana baiskeli," nilisema, maana niliiona mlangoni.

Dereva alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Fundi alichukua ndoo, sabuni ya unga na brashi. Weusi ulipotoka, tuliona ubavuni mistari myembamba, kama ya kiganja. Fundi aliifuata kwa ukucha. Alisema huenda ni nyufa. Akasema tena huenda ni alama ya chuma cha kufinyangia tairi, kwa sababu yote manne yalikuwa nayo mahali pale pale. Kisha akasugua sehemu moja karibu na ukingo, akanionyesha herufi nyingi zilizoishia kwa tarakimu tatu: tatu, moja, nane.

"Hii ni tarehe," alisema. "Wiki ya thelathini na moja. Mwaka ni nane."

"Nane ipi?" dereva aliuliza.

"Wameandika nane tu. Tisini na nane, au themanini na nane."

"Au sabini na nane," nilisema.

"Au sabini na nane. Karakana tulikuwa tunajua kwa sababu tunafungua mzigo wenyewe."

"Kwa hiyo ni la mwaka jana," dereva alisema, "au lilitengenezwa mimi nikiwa mtoto wa shule."

"Ndiyo."

"Na wewe unasemaje?"

Fundi alilibonyeza kwa dole gumba, akalipiga ngumi, akasikiliza. "Mpira ni laini kama wa tairi jipya. Lakini ulikuwa umelowa mafuta, kitu kilicholowa lazima kiwe laini."

Nilijitolea kuyarudisha Kasulu. Basi la kwenda lilikuwa limekwisha kuondoka, na kesho ilikuwa Alhamisi. Dereva aliyazunguka matairi mara tatu. Nilimwambia kosa ni langu, nitaenda kwa mkuu nikaseme. Akasema mkuu hatauliza kosa ni la nani, atauliza ufunguo uko wapi.

"Yafunge," alimwambia fundi. Kisha akanigeukia. "Nitaendesha. Ila wewe, dada, hukai nyuma kwenye kitanda. Unakaa mbele, kando yangu, mpaka Kitahana."

Asubuhi nilikaa mbele. Kwenye mteremko aliwashusha wauguzi wote watembee, akabaki na mimi tu. Tulishuka kwa gia ya kwanza, taratibu kiasi kwamba wauguzi walitupita. Nilikuwa nimeshika mlango kwa mikono miwili.

Tulifika. Kina mama walikuwa wamekwisha kupanga foleni na watoto mgongoni. Dereva alishuka, akaweka kiganja juu ya kila tairi, moja baada ya jingine, kisha akaniita niweke changu. Matatu yalikuwa na uvuguvugu. La nyuma kulia lilikuwa la moto, la kukufanya uondoe mkono. Tulipima upepo, ukawa sawa na wa mengine. Breki haikuwa imeshika. Alihamishia tairi lile mbele, la mbele akalirudisha nyuma, na tulipofika Kibondo jioni tukaweka viganja tena. Lile lile, sasa likiwa mbele, ndilo lilikuwa la moto; kasoro ilikuwa ya tairi lenyewe, si ya gari. Aliliendesha miezi kumi na minne, kila Alhamisi, na kila Alhamisi lilikuwa la moto kuliko mengine.